Mabasi madogo ya umeme: pima rampu kabla ya kulipa

Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikipokea malalamiko ya watu wanaoendesha au kupanda mabasi madogo ya mitaani, na karibu yote yanafanana. Basi ni jipya, ni la umeme, halina moshi wala kelele, na ubavuni limebandikwa alama ya kiti cha magurudumu. Anafika abiria mwenye kiti hicho, rampu (ule ubao wa mteremko wa kupandishia kiti mlangoni) inafunguliwa, na inabidi watu wawili wamsukume kwa nguvu zao zote. Msomaji mmoja alinieleza jinsi magurudumu ya mbele ya kiti cha mama yake yalivyoinuka hewani katikati ya rampu, mama akabaki ameangalia juu huku kondakta amemshika mabegani. Siku hizi mama huyo hapandi basi tena, anakodi teksi, na teksi zinammalizia pesa.

Kwa sababu hiyo sianzi na mwendo wa gari, skrini ya dereva wala muundo wa siti. Umbali wa chaji nitaugusa baadaye, maana habari zake kila muuzaji atakupa hata kabla hujakaa. Naanza na rampu, hasa ukali wa mwinuko wake pale ambapo barabara haina ukingo, yaani ile kingo iliyoinuka ambapo abiria husimama.

Tatizo linajificha kwenye kipimo. Kanuni namba 107 ya Umoja wa Mataifa, ambayo watengenezaji wa Ulaya na Uturuki huifuata, inataka mwinuko wa rampu usizidi asilimia 12 inapolazwa juu ya ukingo wenye kimo cha milimita 150, na basi linaruhusiwa kupiga magoti, yaani kujishusha upande wa mlango, ili kufikia kipimo hicho. Brosha ikishapata hapo, inaandika kwamba basi linafaa kwa wote. Sasa uondoe ule ukingo. Tuseme sakafu ya mlangoni iko milimita 270 kutoka chini na rampu ina urefu wa milimita 900. Kwenye ukingo rampu inapanda milimita 120 tu, kama asilimia 13, na basi likiinama kidogo linaingia ndani ya kanuni. Kwenye barabara tupu inapanda zote 270, na mwinuko unafika asilimia 30. Hata basi likishuka milimita 60, bado ni asilimia 23. Hakuna kilichobadilika kwenye gari lenyewe, ila abiria aliyeweza kujipandisha kwa mikono yake sasa hawezi.

Marekani wamelikabili jambo hili waziwazi zaidi. Mwongozo wao wa 2016 unataka rampu inayoshushwa hadi barabarani isizidi 1 kwa 6, yaani karibu asilimia 17. Kwa sakafu ya milimita 270, hiyo ni rampu yenye urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Mabasi madogo mengi hayana nafasi ya kubeba rampu ya namna hiyo.

Kwa hiyo muulize muuzaji sakafu ya mlangoni ina kimo gani, rampu ina urefu gani, na gari linashuka milimita ngapi likipiga magoti, kisha gawanya mwenyewe kimo kinachobaki kwa urefu wa rampu. Akikujibu kwamba gari "linakidhi viwango", nenda na futi kamba. Angalia pia springi: basi lenye springi za chuma pekee halipigi magoti, hata muuzaji aseme nini. Na kama una uamuzi, chagua rampu ya kufungua kwa mkono. Ya umeme inapendeza siku ya maonyesho, lakini mchanga na matope vikiingia kwenye reli zake inakwama, na ikikwama abiria anaachwa kituoni. Ya mkono ina bawaba na mpini, na dereva yeyote anaiweza.

Wanaonunua kwa niaba ya halmashauri nawaomba wahesabu na zege la vituo. Kituo kilichoinuliwa sentimita 15 kinaondoa zaidi ya nusu ya tatizo hili, na kinahudumia kila basi litakalokuja baada ya hili.

Sasa mabasi yenyewe. Nafasi ya kwanza naipa Karsan e-Jest, na sifichi kwamba naipenda. Inatengenezwa Bursa, Uturuki, urefu wake hauvuki mita 6, upana kama mita 2.1, kwa hiyo inapita kwenye vichochoro ambavyo basi la kawaida haliwezi hata kukata kona. Toleo la umeme lilitoka 2018 likiwa na mota ya kilowati 125 iliyotoka kwenye BMW i3, gari dogo la umeme, na betri za BMW za kilowati-saa 44 au 88 (kilowati-saa ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri). Ninachokipenda zaidi ni asili yake. Jest ya dizeli ya 2013 ilikwisha kuchorwa kama basi la mjini lenye sakafu ya chini, si gari la mizigo lililotobolewa madirisha. Unaingia mlango mpana, sakafu iko chini, na nafasi ya kiti cha magurudumu iko hapo hapo karibu. Hakuna kuzunguka nguzo wala kupanda ngazi ya pili.

Hata hili lipime, maana bila ukingo rampu yake nayo inakuwa kali. Halafu kuna jambo la kuandikiwa: BMW iliacha kutengeneza i3 mwaka 2022. Usikubali ahadi ya mdomo kuhusu betri na vipuri vya mota. Dai kwenye mkataba miaka ya upatikanaji, pamoja na jina la kitakachofungwa badala yake. Kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto, Karsan imetengeneza e-Jest yenye usukani wa kulia kwa ajili ya soko la Japani. Hakikisha unaletewa hiyo. Basi ambalo mlango wake unafungukia katikati ya barabara halifai hata kwa bure.

Umbali wake kwa mujibu wa kampuni ni hadi kilomita 210 kwa betri kubwa. Gawanya: kilowati-saa 88 kwa kilomita 210 ni kama 0.42 kwa kilomita, hesabu ya siku njema. Mimi hupanga kwa 0.55, kwa sababu kiyoyozi kinafanya kazi, mlango unafunguliwa kila baada ya dakika chache na basi limejaa. Tena situmii zaidi ya asilimia 80 ya betri. Nabaki na kilomita 128 hivi. Kwa njia fupi ya mtaani yenye mapumziko ya mchana ya kuchaji, zinatosha kabisa.

Nafasi ya pili ni Otokar e-Centro, nayo ya Uturuki, iliyoonyeshwa 2022. Ni ndefu kidogo, mita 6.6, ina betri ya kilowati-saa 110, na imechorwa tangu mwanzo kuwa basi. Inabeba watu wengi zaidi. Kama njia yako haina kona za kubana na asubuhi abiria wanabaki kituoni, huenda ikakufaa kuliko chaguo langu la kwanza.

Ya tatu ni BYD J6, ya takriban mita 7, iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani na ina sakafu ya chini. Betri za BYD za lithiamu, chuma na fosfati huvumilia kuchajiwa mara nyingi sana na hazishiki moto kirahisi kama aina nyingine za lithiamu, na kwa basi linalochajiwa kila siku hilo lina uzito mkubwa. Nimeishusha kwa sababu ya habari za 2023, ilipobainika kwamba mabasi ya BYD nchini Japani yalitumia kromiamu yenye sumu katika kuzuia kutu, na kampuni ya Kijapani ya Hino ikasimamisha mpango wa kuuza basi lake dogo la Poncho Z EV lililojengwa juu ya J6. Ukiitaka, dai tamko la maandishi kuhusu dawa ya kuzuia kutu. Mafundi wako ndio watakaosugua na kukata vyuma hivyo.

Zaidi ya hapo unaingia kwenye mabasi ya mita 8, kama Karsan e-ATAK yenye kilowati-saa 220 na Isuzu NovoCiti Volt. Ni mazuri, ila si madogo tena, na kulinunua basi la mita 8 ili litembee nusu tupu ni kulipia uzito.

Kuna magari ya bei nafuu, yale ya mizigo ya umeme yaliyogeuzwa kuwa mabasi. Sakafu iko juu, kiti cha magurudumu kinapandishwa kwa lifti ya nyuma, dereva anashuka kila mara, na abiria anasubiri mgongo ukiwa kwenye foleni ya magari. Kwa kuwapeleka wagonjwa hospitali kwa miadi yanafaa. Kwa njia ya vituo vingi, hapana. Vile vigari vya wazi vya mwendo chini ya kilomita 20 kwa saa waachie bustani na hoteli.

Sasa wauzaji, ambao wamenichosha. Wanakusukuma uchukue betri kubwa kuliko zote hata kama njia yako ni ya kilomita chache. Vienna ilikwisha kuonyesha njia nyingine tangu 2012 na 2013, ilipoweka mabasi madogo ya Rampini kwenye njia za 2A na 3A katikati ya mji. Betri zake zilikuwa za wastani, na basi likifika mwisho wa njia lilikuwa linainua mkono wake wa paani hadi kwenye nyaya na kuchaji kwa umeme wa tramu. Betri ndogo maana yake ni gari jepesi, tairi zinazodumu na deni dogo benki. Lakini muuzaji hapati faida kwenye betri usiyonunua.

Bei nayo inakuja vipande vipande. Ya kwanza ni ya gari tupu. Chaja mbali, kuifunga mbali, mafunzo ya fundi mbali. Niliwahi kushika karatasi ya bei ambayo rampu iliwekwa chini ya "nyongeza za hiari", mstari mmoja juu ya mapazia. Basi limetangazwa kuwa la watu wote, na njia ya watu wote kuingilia inauzwa kama pambo!

La kuuma zaidi ni programu ya uchunguzi wa hitilafu. Basi la umeme lina mafuta machache ya kubadilisha na breki zake zinadumu, kwa kuwa mota yenyewe inasaidia kupunguza mwendo, na humo ndimo pesa ya ununuzi inamorudi, mradi gari linatembea kila siku. Lakini taa ya onyo ikiwaka na kompyuta ya kuisoma iko kwa muuzaji peke yake, gari linalala yadi likisubiri mtu wake aje kufuta msimbo. Mkopo haulali. Kwa hiyo leseni ya programu hiyo, kwa jina la karakana yako na kwa miaka yote ya dhamana ya betri, iandikwe ndani ya bei ya kwanza. Na malipo ya mwisho yasitoke hadi rampu ipimwe kwenye kituo chako kibaya kuliko vyote, kile kisicho na ukingo, na abiria wa kiti cha magurudumu ndiye aseme kama inapandika.