Zilemu na floemu: ipi ina kazi ngumu mzizini?
Nilinunua fungu la mchicha Kariakoo, mizizi ikiwa bado na udongo. Nikakata ncha ya mzizi mmoja, nikautumbukiza kwenye maji yenye rangi nyekundu ya keki. Baadaye nikaukata kwa wembe: katikati kulikuwa na vidoa vyekundu. Hiyo ni zilemu, mirija inayopandisha maji na madini. Floemu hushusha sukari kutoka majanini.

Zote huanzia kwenye seli changa za ncha ya mzizi, ila amri hutofautiana. Katika arabidopsisi, kimmea kinachopendwa mno na watafiti wa jeni, jeni ya VND7 huamuru mirija ya kwanza ya zilemu, na jeni ya VND6 ile mipana inayofuata. Amri kali kweli: jenga ukuta wa lignini, kitu kigumu kinachoupa mti ugumu wake, kisha ufe, ubaki bomba tupu.

Seli ya mrija wa floemu hupoteza kiini chake lakini huendelea kuishi, ikilishwa na jirani yake kama mpangaji asiyelipa kodi. Jeni ya APL ikiharibika, mahali pa floemu hutokea seli zinazofanana na zilemu. Yaani APL hujenga floemu na kuzuia zilemu kwa pamoja. Kwangu floemu imeshinda, ingawa wembe wangu haukuionyesha. Niliona weupe tu.