Gemu ya Unvanquished bado iko beta, yaani toleo la majaribio, ila kama unataka kutengeneza mapu yako (uwanja wa kuchezea), anza na hii

Wanangu wa Mbeya na Iringa mnaopenda gemu za risasi, hii Unvanquished naona huku haijulikani kabisa na inaniuma, maana ni ya bure, kodi yake (yale maandishi yanayounda programu) iko wazi kwa yeyote na haichagui kompyuta, Windows, Linux, Mac zote inakubali. Alfa ya kwanza, yaani toleo la awali kabisa, ilitoka 2012, saa hizi iko beta na namba ya toleo bado inaanza na sifuri, usitishike na hilo, inachezeka vizuri tu.

Ni timu mbili, binadamu na elieni (viumbe wa anga). Kila timu ina besi yake (ngome), binadamu wanazaliwa kwenye mashine inaitwa telenode, elieni kwenye mayai, zikivunjwa zote na waliobaki wakiuawa mechi imeisha. Mimi nipo elieni daima. Unaanza na Dretch, kadudu kadogo hakana bunduki ila kanatembea ukutani mpaka darini, jamaa anapita chini na rifle yake anaangalia mbele wewe uko juu ya kichwa chake, raha yake sio ya kawaida. Ukiua unapanda, Mantis, Marauder, Dragoon, mpaka Tyrant ambaye akiingia besi ya watu wanakimbia wote.

Sasa kilichonishika kabisa ni upande wa modi, yaani kuibadili gemu na kuiongezea vitu vyako mwenyewe. Injini yake (programu inayoiendesha gemu) imetokana na ile ya gemu ya Quake III Arena ambayo kodi yake iliachiwa 2005, kwa hiyo mapu unachora kwa NetRadiant, programu ya bure pia, unapanga vibloku vya ukuta, sakafu, dari, unavipaka picha, unaweka taa, halafu unakompaili, yaani unaigeuza iwe mapu inayochezeka, kwa programu ya q3map2 kwa hatua tatu, umbo kwanza, halafu hesabu ya nini kinaonekana kutoka wapi, mwisho mwanga. Hiyo ya mwanga kwenye laptopu ya kawaida iache usiku ulale zako. Na chumba chako lazima kizibe kama debe la maji, ukiacha ufa hata mdogo kati ya vibloku viwili mapu inavuja, hesabu ya kuonekana haifanyiki na gemu inakuwa nzito. Uzuri kompaila inakuchorea mstari mpaka kwenye ufa wenyewe, unaufuata unaziba.

Nimejenga soko kwa kukumbuka lile la Mwanjelwa hapa Mbeya, vichochoro vya vibanda, ngazi, bati za juu. Vichochoro vinambeba Dretch, Tyrant anakwama kwenye kona na binadamu wanapata pa kupumua, kwa hiyo ikabidi nipanue njia mbili kubwa elieni wasinyimwe haki. Besi wala huhitaji kurudi NetRadiant kuihamisha, unaingia humo humo ndani ya gemu, unajenga unavyotaka unasevu. Boti (wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta) nao wanatembea humo vizuri ikishatengenezwa ramani yao ya njia, kwa hiyo hata ukiwa peke yako unajaribu.

Mtandaoni sasa, seva ninazozikuta na watu ziko mbali huko Ulaya, kwa bando la simu pingi (muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi) inapanda na Dretch anataka kasi, ukichelewa kidogo umekufa, na saa nyingine unafungua unakuta watu wachache sana. Sisi hapa Uyole tunawasha hotispoti ya simu bila data, mmoja anakuwa seva, wengine wanaunga, bando haliliwi hata kidogo. Kushusha gemu ndo kunakula, tafuta waifai, mmoja akishusha wengine mnanakili kwa flashi. Mapu ni faili moja la dpk, unalitupa kwenye folda ya pkg unacheza.

Kwa mtu anayetaka kujifunza kutengeneza gemu na hana hela ya programu, mimi sijaona pa kuanzia pazuri kuliko hapa. Nikimaliza ghorofa ya juu ya soko nitaiachia, anayeweza kupiga picha nzuri za bati na matofali ya huku kwetu anisaidie maana hizi za ndani ya gemu ni za vyuma vya anga tupu.