Maoni yangu kuhusu kikundi cha wagonjwa wa saratani wanaoacha sigara, Ilala

Naandika kwa ajili ya mtu aliyetoka kuambiwa ana saratani ya koo, ya mdomo au ya mapafu, na mfukoni bado ana pakiti. Kama ni wewe, au ni baba yako au kaka yako, soma mpaka mwisho.

Nilikuwa dereva wa malori, Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka Zambia. Kazi ile na sigara ni mtu na nduguye. Unavuta kwenye foleni ya mizani, unavuta usiku ukipanda mlima Kitonga ili usingizi usikuchukue, unavuta mpakani ukisubiri makaratasi kutwa nzima, na utingo wako naye anavuta. Sauti ilikwaruza muda mrefu kabla sijapimwa. Uvimbe ulikuwa kwenye zoloto, pale pale sauti inapotokea, na nikapelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kwa mionzi. Kwenye mabenchi ya kusubiri zamu ndiko niliposikia habari za kikundi hiki.

Kikundi si cha hospitali, hakina jina wala bango. Ni wagonjwa pamoja na watu waliokwisha kutibiwa, wanakutana Jumamosi asubuhi barazani kwa mama mmoja aliyeugua saratani ya mdomo. Mchango ni shilingi elfu moja ya chai, asiye nayo hadaiwi. Muuguzi mmoja mstaafu, ambaye wote tunamwita Sista, huwa anakuja kujibu maswali ya dawa. Mengine yote wanafanya wagonjwa wenyewe.

Daktari wangu alikuwa ameshanieleza kwa nini niache, tena alinieleza vizuri. Moshi wa sigara una gesi ya kaboni monoksaidi, nayo hung'ang'ania kwenye damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa. Mionzi huziua seli za saratani vizuri zaidi pale penye oksijeni ya kutosha. Anayevuta asubuhi ya matibabu anaipunguzia nguvu tiba yake mwenyewe. Vidonda vya mdomoni na kooni vinazidi, kidonda cha upasuaji kinachelewa kufunga, na uwezekano wa kupata saratani nyingine mpya unapanda. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2014 ilisema wazi kwamba mgonjwa wa saratani anayeendelea kuvuta yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa, na anayeacha anajiongezea nafasi ya kuishi. Kwa hiyo ile kauli ya vijiweni, kwamba “ugonjwa umeshaingia, sasa uache ili iweje”, ni uongo, na imeshaua watu.

Haya yote niliyajua. Ila saa nne usiku, mate yamekauka, shingo imeungua, usingizi hauji na arosto, ile kiu kali ya sigara, imekukamata, elimu ya mchana haikusaidii. Hapo ndipo barazani Ilala panapofanya kazi yake.

Siku yangu ya kwanza pale, mzee mmoja aliyetibiwa kabla yetu alikuja na barakoa yake kwenye mfuko wa rambo. Wanaotibiwa kichwa na shingo wanaijua: plastiki ngumu yenye matundu matundu, imekandwa kwa joto ikafuata uso wako, pua yako, kidevu chako. Unalazwa kwenye meza, barakoa inabanwa pande zote, hutikisiki mpaka mashine imalize. Mzee aliizungusha, kila mtu akaishika. Akasema, “Mkivuta kabla ya kuingia mle, kikohozi kitawakuta mmefungwa kichwa. Utataka kukohoa na huwezi.” Basi. Hakutaja kifo wala takwimu. Mimi nilikuwa nimeshalala chini ya barakoa ya namna ile, na kikohozi anachokisema nilikuwa nimekionja. Pakiti yangu nilimwachia mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

Wana utaratibu wa simu ambao ningependa kila hospitali iuige. Ukibanwa, unaandika neno moja tu kwenye kundi la WhatsApp: arosto. Aliye macho anakupigia. Haulizwi mtu maelezo. Kwa sisi wa koo kulikuwa na tatizo, maana mionzi ikifika katikati sauti inakata kabisa, na madaktari wanakuambia usilazimishe kuongea. Wakapata njia: anayepiga anaongea peke yake, wewe unagonga kioo cha simu kwa ukucha, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Usiku mmoja aliyenipigia alikuwa mama mwenye nyumba. Yeye amekulia Urambo, kwao walilima tumbaku, na alinisimulia jinsi walivyokuwa wakikesha na kuni kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, moto usizime, majani yakauke rangi ya dhahabu, na jinsi watoto walivyokuwa wakisokota majani na kuvuta nyuma ya bani wakubwa wakilala. Aliendelea kunisimulia mpaka kiu ikapita. Kiu ya sigara hupanda na kushuka ndani ya dakika chache. Ukipata wa kukuvusha hizo dakika, umevuka.

Jambo jingine lililonifanya nikiamini kikundi ni namna wanavyompokea aliyeteleza. Mzee mmoja wa makamo, anayetumia dripu za dawa, alifika Jumamosi moja ananukia moshi huku anatafuna karafuu. Wote tulisikia. Nilitegemea atasemwa. Mama akamvutia kiti na kumwambia, “Karibu mzee wangu. Ilikuwa saa ngapi?” Hakuuliza kwa nini. Aliuliza saa, mahali, na alikuwa na nani. Ikajulikana ilikuwa msibani, usiku, nje kwenye turubai wanapokaa wanaume, mkeka wa karata umetandikwa na pakiti inazunguka. Wakakaa naye kupanga: msiba ujao akae upande wa wanaogawa chakula, mikono iwe na kazi, na kijana mmoja wa kikundi anayeishi jirani naye amsindikize. Mtu akiulizwa kwa nini, anajitetea. Akiulizwa saa ngapi, anakumbuka, na kinachokumbukwa kinaweza kupangiwa. Mzee yule bado anakuja.

Sasa bidhaa, maana najua wengi mtauliza. Nilitumia bigijii ya nikotini na baadaye plasta ya nikotini, ile unayobandika begani au juu ya mkono. Bigijii niliipata kwenye maduka makubwa ya dawa mjini. Plasta ilikuwa adimu na bei yake inauma. Bigijii haitafunwi kama za watoto. Unatafuna polepole mpaka uisikie ikiwasha kama pilipili, unaiegesha kati ya shavu na ufizi, ukali ukiisha unatafuna tena, na unaendelea hivyo karibu nusu saa. Ukinywa chai, kahawa au soda robo saa kabla yake, haifanyi kazi vizuri. Wanaotibiwa mapafu au kibofu waliisifu sana. Kwa sisi wenye mdomo uliokauka na vidonda, inatesa, na hapo plasta ndiyo msaada. Anayevuta zaidi ya sigara kumi kwa siku huanza na plasta ya miligramu 21, baada ya wiki kadhaa anashuka 14, kisha 7. Ngozi iliyopigwa mionzi usiibandike kitu, na mwambie daktari wako kabla hujaanza, hasa kama una matatizo ya moyo.

Kulikuwa na ubishi mkali barazani kuhusu hili. Wengine walishikilia kwamba nikotini ndiyo iliyotupa saratani, kwa hiyo plasta ni kumrudisha mwizi kupitia dirishani. Sista aliwajibu kwa utulivu: nikotini ndiyo inayokufunga, lakini kilichotuunguza ni moshi na sumu zilizomo ndani yake, lami na nyinginezo. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa hizi za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, likaongeza vidonge vya kuacha sigara vya bupropioni na vareniklini mwaka 2021, na mwongozo wake wa mwaka 2024 unasema dawa na ushauri viende pamoja. Namuunga mkono Sista. Nimeona watu wawili waliokataa dawa kwa sababu ya ubishi ule, wakaumia bure. Aliwaonya pia waliotaka kuhamia kwenye ugoro, kuberi au shisha. Hiyo ni tumbaku ile ile, na mdomo na koo ndivyo vinavyolipa.

Watu wengi hudhani kipindi kigumu ni cha matibabu. Kwangu, na kwa karibu wote niliokaa nao, kigumu zaidi kilikuja baadaye. Wakati wa mionzi una ratiba, una manesi wanaokujua kwa jina, kila siku kuna anayekuangalia koo. Siku ya mwisho unapewa tarehe ya kliniki ya mbali, unarudi nyumbani, na kimya kinaanza. Ladha ya chakula inarudi taratibu, chai inaanza kuwa chai, na chai ikirudi na sigara inakumbukwa. Madereva wenzangu walikuja kunipongeza nyumbani, na mmoja wao, kwa upendo kabisa, akanitolea fegi: “Kaka umepona, karibu.” Hakuwa na nia mbaya. Tulivuta pamoja miaka mingi, kwake ile ilikuwa salamu.

Hapo kikundi kilinishika kwa namna ambayo sikuitegemea. Anayemaliza tiba anapewa mwenza, mtu mmoja wa kujuliana naye hali. Wangu ni kijana fundi makenika aliyetolewa sehemu ya pafu. Tarehe ya kliniki ikikaribia, wiki ile ya kuingizwa kamera kooni kuangalia kama ugonjwa umerudi, hofu inapanda na arosto inapanda nayo, hata kama umekaa miezi bila kuiwaza sigara. Mwenza anaijua tarehe yako na wewe unaijua yake. Yule fundi hunisindikiza mpaka mlangoni, nami siku yake naenda kukaa naye kwenye benchi. Wenzangu wa nyumbani wananipenda, lakini wakiiona hofu yangu wanaogopa zaidi yangu, kwa hiyo huwa naificha. Kwa fundi siifichi.

Kasoro zipo, na wenyeji wamenikubalia niziandike. Baraza linatazama barabara, kila mpita njia anakuona. Kwa mwanamume si neno, lakini wanawake wanaovuta wanafanya siri, na kuna dada alikuja mara moja akajifunika mtandio mpaka puani, hakurudi. Wanahitaji chumba cha ndani au siku ya wanawake peke yao, na sidhani jambo hilo ni la kusubiri. Kundi la WhatsApp nalo limejaa dua za kusambazwa, picha za maua na matangazo ya miti shamba, mpaka anayeandika arosto usiku ujumbe wake unafukiwa. Kuna muuza dawa aliwahi kukaa nasi barazani akihubiri kwamba unga wake unamaliza saratani na hakuna haja ya mionzi. Mama alimtoa nje, lakini alitolewa kwa kuchelewa, watu wameshanunua. Nashauri liwepo kundi la pili la arosto tu, asiruhusiwe mtu kuweka kitu kingine.

Halafu kuna wenzetu wa mikoani. Wanakuja Dar kutibiwa kutoka Kigoma, Mtwara, Songea, wanakaa kwa ndugu, wanazoea baraza, tiba ikiisha wanarudi kwao na kubaki na simu tu, tena bando likiwepo. Tumempoteza mmoja namna hiyo. Yupo hai, ila ameacha kujibu, na ndugu zake wanasema anavuta. Ninachoweza kumwambia aliye mbali ni kwamba watu wawili wanatosha kuanza. Kliniki unayorudi kucheki haikosi mtu mwingine mwenye koo kama lako.

Kwa ujumla ningewapa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeinyima kwa sababu ya wanawake na yule muuza unga.

Ukitaka kwenda, namba za simu siziweki hapa kwa kuwa ni za nyumbani kwa watu. Waulize wenzako kwenye mabenchi ya mionzi, hasa waliokuja kucheki, utaelekezwa. Wanaanza saa tatu asubuhi. Kama huwezi kumeza chai ya moto beba maziwa yako au uji mwepesi, hakuna atakayekushangaa. Pakiti usiitupe njiani, nenda nayo, mama anazipokea. Na njoo na mkeo au mumeo. Awali hawakuwa wakiwaruhusu wanandoa, tukalalamika, na sasa wamekubali kuwapokea Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Mke wangu amekwenda, na ameanza kuniuliza saa ngapi.