Nilivyomwona mjusi wa Tendaguru Berlin: uzoefu wa mwalimu kutoka Lindi

Nimefundisha historia hapa Lindi kwa miaka kumi na minne, na kila mwaka ninapofika kwenye utawala wa Wajerumani huwaeleza wanafunzi habari za mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa enzi hizo huko Tendaguru mkoani kwetu, mnyama ambaye mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kumtia machoni. Mwaka jana nilipata nafasi ya kwenda Ujerumani kwa mafunzo ya wiki mbili, na siku ya mapumziko niliitumia yote katika makumbusho ya Museum für Naturkunde, yaliyoko mtaa wa Invalidenstraße jijini Berlin. Tathmini hii ninamwandikia hasa mtu wa kusini anayefikiria kwenda huko.

Kufika ni rahisi, kwa kuwa kituo cha treni ya chini ya ardhi kilicho karibu kimepewa jina la makumbusho yenyewe. Jumatatu hufungwa. Nilifika Jumanne mlango ulipofunguliwa, nikapata karibu nusu saa ya utulivu kabla makundi ya watoto wa shule hayajaingia, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo.

Mjusi amesimama katikati ya ukumbi mkuu. Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, na hakuna kiunzi kingine cha dinosaria duniani kilichosimamishwa kwa urefu huo. Nilikuwa nikiitaja tarakimu hiyo darasani kwa miaka mingi bila kuielewa, mpaka nilipolazimika kurudi nyuma hatua kadhaa ili nikione kichwa chake. Mfupa wa mguu wake wa mbele ni mrefu kuliko mimi. Wanaomzunguka, kama Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na Dicraeosaurus, nao walitoka Tendaguru, katika miamba yenye umri wa miaka ipatayo milioni 150, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukumbi ule ni ardhi ya mkoa wetu. Zipo pia darubini ambazo ukichungulia unaona mifupa ikivikwa nyama na mnyama akianza kutembea. Watoto wanazipenda mno, lakini mimi nilichungulia mara moja tu nikairudia mifupa.

Sababu ni kwamba nilikuwa nikiwafikiria waliomfikisha pale. Mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler aliiona mifupa hiyo mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji bado havijaisha, na kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara ulioongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig uliajiri mamia ya watu kuchimba. Mifupa ilikandikwa udongo, ikafungwa kwa fito za mianzi, kisha wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani kilomita zipatazo 60 hadi bandari ya Lindi, safari baada ya safari, mpaka ikatimia zaidi ya tani 200. Msimamizi wa wachimbaji, aliyekuwa pia fundi mkuu wa kuisafisha na kuiandaa mifupa, alikuwa Boheti bin Amrani.

Jina hilo ndilo nililokwenda nalo Berlin. Mjusi mkubwa kitaalamu anaitwa Giraffatitan brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho. Dinosaria mwingine mdogo wa Tendaguru alipewa mwaka 1919 jina la Lettow-Vorbeck, jemadari wa jeshi la kikoloni. Boheti alisubiri mpaka mwaka 2007, mtaalamu mmoja alipoita dinosaria mwingine wa huko Australodocus bohetii. Nilisimama chini ya mbavu za mjusi nikalitamka jina lake kwa sauti, mlinzi akageuka kunitazama, nami sikuona haya.

Tangu siku hiyo makumbusho yoyote ninayapima kwa maelezo yaliyoandikwa chini ya vitu. Katika safari ileile niliingia katika makumbusho madogo ya sanaa, ambayo sitayataja, nikakuta kinyago cha lipiko, kile cha kuvaliwa na mcheza ngoma, kilichochongwa kwa ustadi wa kuogofya, chini yake pameandikwa tu kwamba ni cha Wamakonde wa Afrika Mashariki. Aliyekichonga hakutajwa, wala kijiji, wala namna kilivyofika Ulaya. Nilihuzunika, kwa sababu swali hilo la njia lina uzito: kinyago cha Kimakonde kilichoibwa mwaka 1984 katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kilikutwa katika makumbusho ya Barbier-Mueller jijini Geneva, na kilirejeshwa Tanzania mwaka 2010. Kurejeshwa kwake kuliwezekana kwa kuwa kumbukumbu zilikuwapo za kuonyesha kilikotoka.

Nyumbani nimeridhika zaidi na magofu ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani, ingawa kule hakuna kabati la kioo hata moja. Unachukua kibali Kilwa Masoko, unavuka kwa mashua, na mwongozaji anakupitisha katika Msikiti Mkuu na jumba la kale la Husuni Kubwa. Aliyetuongoza sisi alikuwa mzee wa kisiwani. Tulimwamkia shikamoo, naye alitueleza jinsi matumbawe yalivyochomwa kupata chokaa kana kwamba tanuri lilizimwa jana. Vaa viatu imara, na ubebe maji ya kutosha.

Niliporudi shuleni nilinunua kamba, tukaipima mita 22, takriban urefu wa mjusi kutoka pua hadi mkia, tukaitandaza uwanjani. Ilianzia mlango wa darasa la tano ikaishia nyuma ya mwembe. Aliyeshika ncha ya mkia alikuwa binti ambaye kwao ni Mipingo, jirani na Tendaguru, naye aliniuliza, "Mwalimu, waliombeba walipita barabara ipi?" Jumamosi iliyofuata tulikwenda pamoja na wenzake kuwauliza wazee wa huko.