Mad Max: Fury Road: hii ya mapigano, lakini tuibane

Kwenye mabanda ya video ya Ngamiani na Makorora, Tanga, filamu ya mapigano husamehewa mapema. Mtu akihoji kwa nini steringi kafanya alivyofanya, hujibiwa, "Hii ya mapigano bwana, hadithi ya nini?" Filamu ya familia haipati msamaha huo; hubanwa mpaka kieleweke. Fury Road ya George Miller, ya mwaka 2015, nayo tunaibana vivyo hivyo: mhusika anataka nini, na uamuzi wake unamgharimu nini?

Tuanze na damu, maana ndiyo inayobeba hadithi. Max, steringi wa filamu, anakamatwa, inaonekana damu yake ni O hasi, inayomfaa kila mtu, basi anafungwa mbele ya gari huku mpira ukimnyonya kumpa Nux, kijana mgonjwa. Karibu na mwisho anayeishiwa damu ni Furiosa, dereva aliyewatorosha wake watano wa mtawala Immortan Joe. Safari hii Max anajichoma mwenyewe, anamwongezea damu, na hapo ndipo anamtajia jina lake ambalo mwanzoni alikataa kulitaja. Mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili kwa hiari. Hakuna hotuba ya kutueleza kwamba mtu huyu amebadilika. Tamthilia ngapi zinapangwa kwa ufundi huo?

Furiosa naye anaelekea Mahali pa Kijani, kwao. Anawakuta wazee wa ukoo wake, wanamwambia pamekufa: ni kile kinamasi chenye kunguru walichokipita usiku. Anavua mkono wa bandia, anapiga magoti mchangani na kupiga ukelele. Charlize Theron analicheza tukio hilo kwa mwili tu, na ni uigizaji wa daraja la kwanza. Filamu iliteuliwa kuwania Oscar 10 ikapata 6: mavazi, mandhari, vipodozi na nywele, uhariri, na mbili za sauti. Waigizaji na waandishi hawakuteuliwa hata mmoja. Kwetu huo ni upungufu wa mizani, si wa filamu.

Kwenye mapigano yenyewe, kuna mikato kama 2,700 ndani ya saa mbili, yaani kwa wastani picha hubadilika kabla ya sekunde tatu kutimia, na bado hupotei. Filamu nyingi huharibika hapa: ngumi inaanzia kushoto, picha inayofuata inampeleka mpigwaji kulia, na jicho likishamwona tayari wamekata tena. Miller na mpigapicha John Seale waliweka jambo muhimu katikati ya picha, mkato baada ya mkato, na mhariri Margaret Sixel akaunganisha bila kukulazimisha kutafuta.

Kasoro zipo, na hazifutwi na moto. Kati ya wale wake watano, Splendid na Capable unawajua. Toast humjui kabisa. Maono ya Max ya mtoto aliyekufa yanarudi mara kwa mara bila kisa chake kuelezwa. Tamthilia tungeikata alama kwa hilo, na hii tunaikata: 8 kati ya 10.

Unapoiangalia nyumbani, mistari myeusi juu na chini iache. Picha ni pana sana; ukibonyeza zumu kwenye rimoti unakata pembeni, ambako magari ya adui huanza kujitokeza. Maneno yakisikika kwa mbali huku injini zinanguruma, kagua deki: ikiwa imewekwa sauti ya 5.1 (ya spika tano na sabufa) na wewe una spika mbili, maneno yanapelekwa kwenye spika ya katikati usiyokuwa nayo. Ingia mipangilio ya sauti, chagua stereo, kisha punguza besi ya sabufa, maana Max huongea kwa kunong'ona. Na usichukue ile ya kutafsiriwa. Mtafsiri hujaza kila kimya, na filamu hii imeweka mambo yake mazito ndani ya vimya hivyo. Pale Max anapotaja jina, mtafsiri anaweza kuwa bado anasimulia ajali iliyopita.