Mbegu za tungule za kupeana hapa Lamu: nimezipanda, haya ndio maoni yangu

Kila anaekuja darini kwetu akaona zile ndoo za tungule, yaani nyanya, ananiuliza mbegu nimenunua duka gani, nikimwambia sikununua nimepewa anaona kama namficha. Kwa hivo wacha niandike kwa urefu. Watu wanaandika maoni kuhusu simu, hoteli, maboti ya kwenda Mokowe, lakini mbegu za kupeana sijaona mtu akizisema, na mimi naona ni huduma kamili kama nyengine yoyote, ina watu wake, ina ubora wake na ina kasoro zake, na baadhi ya kasoro si ndogo.

Kwa asiejua, mambo yako hivi. Kuna kina mama, na wanaume pia wapo, wenye kiwanja kidogo uani ama nafasi darini, Mkomani, Langoni, Gadeni mpaka Shela huko, wanapanda tungule za nyumbani tu, za mchuzi na kachumbari. Mtu akipata mti uliozaa vizuri anatoa mbegu, anazikausha, anazitia kwenye bahasha ama kipande cha karatasi kilichokunjwa anampa jirani. Jirani akivuna nae anatoa zake anapeleka mbele. Hakuna bei, hakuna duka, hakuna mwenyekiti. Unachotakiwa ni kurudisha, na si lazima urudishe kwa yule aliekupa, mpe mwengine ambae hana.

Kwa nini tusumbuke na tungule ziko sokoni? Zipo ndio, lakini tungule yetu hapa inatoka bara, inachumwa ikiwa haijaiva ndio istahmili safari, inapanda lori, inafika Mokowe inashushwa inapakiwa kwenye boti, ikifika kwa muuzaji imeshachoka na rangi haijashika ndani. Na barabara ikikatika, kama zile mvua za mwisho wa 2023, bei inapaa ama hazipo kabisa. Ukiwa na ndoo tano sita darini hutoshelezi nyumba yenye watu wengi, hapo nisiseme uongo, lakini mchuzi wa samaki wa mchana huendi kuuliza bei.

Sasa tuje kwenye mbegu zenyewe. Kuota zinaota vizuri sana, tena zile za mwaka huo huo kwa joto letu hili wiki haijaisha unaona vichwa. Lakini tofauti kati ya mbegu ya mtu na mtu ni kubwa, na nimekuja kugundua tofauti iko kwenye namna ya kutoa. Punje ya tungule inakuwa na ule utelezi kama jeli umeizunguka, na ule utelezi ndio unaoizuia isiote ikiwa bado iko ndani ya tunda. Wale wanaokamua tungule moja kwa moja kwenye karatasi na kuanika, mbegu zao zinaota kwa kusuasua, na zimegandana na karatasi. Wale wanaojua wanakamua kwenye glasi, wanaongeza maji kidogo wanaacha siku 2 ama 3 zichachuke, kwa joto la hapa 2 zinatosha ukizidisha zitaanza kuota humo humo, juu kunafanya utando na harufu si nzuri kusema kweli, halafu unajaza maji unakoroga, zile nzima zinazama na zile kapi zinaelea pamoja na nyama unamwaga. Unaziosha kwenye chujio la chai, unazitandaza kwenye sahani kivulini, sio juani, unazipindua kila siku mpaka ziwe zinateleza mkononi kama mchanga mkavu. Ukipewa bahasha uliza swali hilo moja tu, zilichachushwa ama hazikuchachushwa.

Kuhifadhi ndio mtihani wa kisiwani. Hewa yetu ina unyevu wa bahari mwaka mzima, bahasha ikikaa kabatini hivi hivi mbegu zinavuta maji na uhai wake unapungua. Ninaemsifu hapa ni bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu, yeye anatia bahasha zake ndani ya chupa ya kahawa yenye kifuniko cha kubana na chini anaweka mchele aliokaanga kavu ukapoa, ule mchele unanyonya unyevu. Mbegu ya tungule ikiwa kavu na mahali penye ubaridi inaweza kukaa miaka 4 na zaidi bado inaota, na zake ndio zilizoota vizuri kuliko za wote nilizopanda, za zamani zikishindana na mpya.

Aina zinazozunguka kwetu ni hizi za kawaida, Cal J, Rio Grande, Money Maker, na zile tungule ndogo ndogo ambazo hazina jina, zinajiotea zenyewe kwenye maji ya bafu na jalalani. Cal J na Rio Grande ni fupi, zinazaa kwa mkupuo, kwa ndoo zinafaa ila kijiti zinataka, zikibeba zinalala. Money Maker inapanda juu haina mwisho, inataka kamba na darini pakivuma kusi itakutesa, mimi naiona ni ya uani penye ukuta.

Lakini nikiulizwa nichague moja tu nitachukua zile ndogo na sitafikiria mara mbili. Watu wanazidharau kwa sababu ya umbo, wanasema za kuku. Jaribu kupanda tungule kubwa wakati wa kaskazi, Januari mpaka Machi, mti utakuwa mzuri majani tele, maua tele, halafu maua yote yanaanguka chini unabaki kulaumu mbegu. Sio mbegu. Tungule ikiona mchana umepita nyuzi 32 hivi na usiku haupoi ile unga ya ua inaharibika haishiki, na usiku wa Lamu mwezi wa tatu unaujua mwenyewe. Zile ndogo zinavumilia zaidi, zinapunguza lakini hazikati. Na utamu wake, ukiziponda kwenye kachumbari ya pilau na ndimu na pilipili, hiyo nakuachia ujaribu.

Kuna watu wanasema mbegu zikikaa hapa miaka mingi zinazoea hewa yetu. Nafikiri inasemwa zaidi kuliko ilivyo. Tungule inajizalisha yenyewe kwa ua lake, mara nyingi mtoto anafanana na mama, kwa hivo haibadiliki haraka. Kinachotokea ni kwamba sisi ndio tunaochuja. Aina iliyokufa kwa joto hakuna alietoa mbegu yake, haikuendelea, ile iliyozaa ikapewa nyumba kumi. Kwa hivo ukipewa bahasha Lamu umepewa kitu kilichokwisha kujaribiwa kwenye joto hili na maji haya na watu unaowajua, na hicho ndicho pakiti ya dukani haiwezi kukupa hata iwe na picha nzuri namna gani. Pakiti ina faida yake, sikatai, jina la aina liko, tarehe iko, na ikiwa imethibitishwa unajua imekaguliwa. Ila haijui darini kwangu.

Kasoro sasa, na ya kwanza ni haibridi, yaani mbegu za kuchanganya aina mbili, zile zinazoandikwa F1. Kuna mtu alileta mbegu amezitoa kwenye tungule nzuri kubwa za kilimo cha nyumba ya plastiki, ilikuwa Anna F1, akazigawa kwa nia njema kabisa. Mbegu ya F1 ukiitoa ukaipanda tena watoto hawafanani, mmoja mrefu mmoja mfupi, huyu anazaa vidogo huyu hazai, na ule uzazi uliokufanya uzitamani haupo tena. Watu walipoteza msimu mzima wanamwagilia. Sio haramu kuzipanda ukitaka kujaribu, lakini useme kwenye bahasha. Hata kutoa mbegu kwenye tungule ya sokoni ni vivyo hivyo, hujui ni haibridi ama sio.

Ya pili ni majina. Bahasha nyingi haziandikwi kitu. Nyengine imeandikwa tu "tungule", sasa hilo si ningeliliona mwenyewe? Nilipewa moja naambiwa ni fupi za ndoo, zikawa Money Maker, zimefika juu ya paa la makuti la jirani. Andikeni jina, mwezi zilipotolewa, na mti ulikuwa wapi, uani ama darini. Maneno matatu tu.

Ya tatu inaniudhi zaidi. Watu wanakula tungule nzuri halafu mbegu wanatoa kwenye ile iliyobaki, ile iliyopasuka ama ya mti uliodumaa. Mbegu inatolewa kwenye mti bora, mzima, tunda lililoiva mpaka kupitiliza, lile ambalo roho inakuuma kutolila. Na ikiwa majani yalikuwa yamejikunja yana mabaka ya njano na kijani, usitoe kabisa hata tunda liwe zuri, kuna virusi vinavyokaa kwenye ganda la mbegu na vinafuata mpaka kwa jirani yako. Ugonjwa ukiingia kwenye bahasha moja umeingia mitaa mitatu.

Ila wanaoogopa kwamba mbegu inaleta Tuta absoluta, yule mdudu anaechimba majani na kutoboa tunda, alieingia Kenya 2014, huyo haji na mbegu. Wala minyoo ya mizizi haiji na mbegu, hiyo inakuja na udongo. Ndio maana mimi nikipewa miche iliyong'olewa uani kwa mtu nashukuru na siichukui, napendelea mbegu, manake mchanga wa huku ukishashika ile minyoo mizizi inafanya vifundo na mti unanyauka mchana hata ukiumwagia maji pipa zima. Kwenye ndoo yenye udongo safi hilo unaliepuka.

Kitu chengine ambacho nakihesabu kwenye huduma hii ni maneno yanayokuja na mbegu. Ukipewa umepewa na mtu wa kumuuliza. Mimi ndivyo nilivyoambiwa nisitumie maji ya kisima cha uani kwetu, yana chumvi, tungule inavumilia chumvi kidogo na hata tunda linakuwa tamu zaidi, lakini ikizidi mizizi haivuti vizuri na tunda linaanza kuoza kitako, lile doa jeusi chini ambalo wengi wanadhani ni mdudu. Kwa hivo nachanganya na maji ya bomba na namwagilia kila siku kiasi kile kile, sio leo ndoo kesho hakuna. Ndivyo nilivyoambiwa pia mbolea ya punda, ambayo alhamdulillahi hatuna shida nayo mjini hapa, isitiwe mbichi, irundikwe wiki kadhaa ipoe iwe nyeusi isiyo na harufu ndio itiwe, na juu ya udongo utandaze makumbi ya nazi yaliyochambuliwa jua lisikaushe. Kwenye pakiti hayo hayapo, na muuza duka ana foleni nyuma yako.

Niseme na la sheria kidogo kwa sababu kuna aliewatisha watu kwamba tutashikwa. Sheria ya mbegu ya Kenya, Sura 326, baada ya kubadilishwa 2012, ilikuwa na vipengele vya adhabu mpaka kifungo cha miaka 2 ama faini ya shilingi milioni 1 kwa kuuza ama kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, na hofu haikuwa ya bure. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vipengele vilivyowabana wakulima kupeana mbegu zao ni kinyume cha katiba. Katiba ya 2010 kifungu cha 11 inazitaja mbegu za asili waziwazi. Tungule asili yake ni Amerika ya Kusini najua, lakini mtu wa kumpa jirani yake bahasha alikuwa anahitaji kusikia hukumu ile, na mimi niliposikia nilifurahi sana wallahi.

Nyota nawapa 4 kati ya 5. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya majina na zile F1, na nitaitoa siku bahasha zote zitakapoandikwa.

Mwenye kutaka kuanza, wakati mzuri ni masika yakianza kupungua, mwezi wa sita hivi, upate ule ubaridi wa kusi mpaka Septemba. Sia kwenye kopo kivulini chini ya makuti, mche ukifika kama shubiri uhamishie kwenye ndoo, ulifukie shina mpaka karibu na majani ya kwanza litatoa mizizi hapo, na toboa ndoo chini. Mbegu muulize jirani yeyote unaeona ana kijani darini, na uende na bahasha yako na kalamu.