Vifaa vya kusaka hitilafu za umeme na sensa kwenye Subaru ya turbo iliyoongezwa nguvu: ununue kipi kwanza

Msimbo wa hitilafu P0171 ukitokea kwenye Subaru Forester XT yenye turbo kubwa na bomba jipya la hewa, muuza vipuri wa Gerezani, Dar, au Kirinyaga Road, Nairobi, atakuuzia sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Taa ya injini ikiwaka tena baada ya siku mbili, atakuuzia ya oksijeni. Msimbo ule haujataja kifaa kibovu. Umesema tu kwamba ECU, yaani kompyuta ya injini, imeona petroli ni kidogo kuliko hewa. Chanzo kinaweza kuwa hosi iliyopasuka chini ya manifoldi, pampu ya petroli isiyopata umeme wa kutosha, au waya wa ethi (wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari) uliofungwa kwa boliti juu ya rangi. Gari likishafunguliwa na kufungwa na mafundi watatu tofauti, anza kushuku kazi ya mikono yao kabla ya kushuku sensa.

Kwa hiyo hatukufuata bei katika kupanga vifaa hivi. Tumefuata kipi kinakuondoa kwenye kubahatisha mapema zaidi, tukichukulia una Impreza WRX, Forester au Legacy ya injini ya EJ20 iliyotoka Japani ikiwa imetumika. Mwenye Golf GTI au Mark X iliyoongezwa turbo atumie mpangilio uleule, abadilishe kifaa namba 2 tu. Bei ni za makadirio, kwa dola, bila usafiri na ushuru.

1. Multimita yenye MIN MAX (inayohifadhi usomaji wa chini na wa juu kabisa)

Tunaipa nafasi ya kwanza Fluke 17B+, inayouzwa kama dola 120 hadi 150. UNI-T UT61E+ inaifuata kwa karibu. Fluke 101 ni ndogo, imara na nafuu, lakini haina MIN MAX wala haipimi ampea. Itakufaa kwa betri na fyuzi, siyo kwa hitilafu inayojitokeza nusu sekunde ukikanyaga mafuta hadi chini. Ile DT830 ya njano inayouzwa kando ya barabara tusiizungumzie sana: tundu lake la ampea 10 halina fyuzi, na ukinzani wake wa ndani ni megaohmu 1 badala ya 10, hivyo yenyewe inavuta umeme wa sensa unayoipima.

Mita hii itarudisha gharama yake kwa kipimo kimoja. Washa injini, washa taa kubwa, feni ya ndani na kipasha joto cha kioo cha nyuma. Probu nyeusi iguse nguzo hasi ya betri yenyewe, siyo kibano chake. Nyekundu iguse pini ya ethi ya sensa, kwa kupenyeza sindano nyembamba nyuma ya soketi bila kuichomoa. Usitoboe ganda la waya; Mombasa na Dar, unyevu wenye chumvi utaingia kwenye kitundu hicho na miezi michache baadaye shaba itakuwa unga wa kijani. Mita ikisoma chini ya milivolti 50, ethi ni nzuri. Ikipita 100, fuata waya hadi unapofungwa, kwaruza rangi, funga upya.

Milivolti 100 zinaonekana si kitu. Lakini kwenye sensa ya MAP (ya mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi) ya GM ya bar 3, ambayo mafundi wengi hufunga baada ya kuongeza busti, yaani mgandamizo wa turbo, volti 1 ni kama kPa 62. Milivolti 100 za uongo ni kPa 6, karibu psi 1 ya busti isiyokuwepo, na ECU itamwaga petroli kwa ajili yake.

Kazi ya pili ya mita ni pampu. Watu hufunga pampu ya Walbro ya lita 255 kwa saa halafu wanaacha waya wa kiwandani uliowekwa kwa pampu ndogo. Unganisha mita moja kwa moja kwenye waya mbili za pampu, bonyeza MIN MAX, uende barabarani na mtu wa kukusaidia, ukanyage gia ya tatu hadi mwisho. Betri ikiwa volti 14 na pampu 12, volti 2 zimeliwa njiani. Hapo tatizo ni waya na relei, pampu haina kosa. Usishtuke ukiona volti ndogo injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta: Subaru nyingi zina kidhibiti kinachopunguza mwendo wa pampu wakati mzigo haupo. Kipimo cha maana ni cha mzigo kamili.

Pamoja na mita nunua sindano za kupenyeza nyuma ya soketi, na balbu ya breki ya wati 21 uliyoiunga waya mbili. Mlio wa mita hautoshi kuthibitisha waya, kwa sababu waya uliobaki na uzi mmoja bado utalia vizuri. Balbu ile huvuta karibu ampea 1.75. Chomoa waya pande zote mbili, upitishe umeme wa betri kupitia fyuzi na balbu: mwanga hafifu maana yake waya umekufa ndani. Fanya hivyo kwa waya za umeme mkubwa tu. Waya za volti 5, za ECU na za mkoba wa hewa zisiguswe na balbu hata kidogo.

2. Kebo inayozungumza lugha ya gari lako

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kile kidude cha bluu cha bluetooth kiitwacho ELM327 huuzwa kama kinasoma gari lolote. Subaru nyingi za soko la Japani zilizotengenezwa kabla ya 2008 zina soketi ya pini 16 kama ya OBD2, lakini ndani yake zinazungumza itifaki ya Subaru yenyewe, SSM, kupitia pini namba 7. Kidude kitazunguka tu kikitafuta. Na kama kimeandikwa v1.5, jua ni nakala: kampuni ya Elm ilitoka 1.4 ikaenda 2.0, hiyo 1.5 haikuwahi kuitoa.

Chaguo la bei ndogo ni kebo ya KKL 409.1, dola 10 hadi 20, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya Volkswagen. Tafuta yenye chipu ya FTDI. Za CH340 hukatika katikati ya kusoma. Kwenye kompyuta weka FreeSSM kwa misimbo na RomRaider kwa kurekodi, zote za bure. RomRaider inataka Java ya biti 32, hata kama kompyuta yako ni ya 64, na wengi hulaumu kebo kwa kosa hilo. Chaguo bora ni Tactrix Openport 2.0 halisi, karibu dola 170 au zaidi, kwa sababu inasoma haraka na inaweza pia kuandika ramani mpya kwenye ECU. Nakala zake za bei rahisi hurekodi sawa, ila usizitumie kuandika: ikikatika katikati, ECU inabaki jiwe.

Chini ya dashibodi utakuta plagi mbili za kijani zilizoachana. Usiziunganishe unaposoma tu. Ukiziunganisha na kuweka swichi ON, feni na pampu zitaanza kujiwasha na kujizima zenyewe, relei zikigonga kila sekunde chache. Gari halijaharibika, limeingia hali ya majaribio.

Vipimo vitatu vya kebo vinatosha kumwokoa mtu asinunue sensa. Cha kwanza, weka swichi ON bila kupiga stata, usome mgandamizo kamili wa manifoldi. Dar na Mombasa uwe karibu kPa 101, Arusha 86, Nairobi 83. Gari lililotoka bandarini likisoma 101 likiwa Westlands, Nairobi, sensa au ethi yake inadanganya. Cha pili, gari likiwa limelala usiku kucha, joto la maji na joto la hewa visiachane zaidi ya nyuzi chache. Maji yakisoma hasi 40, waya umekatika au soketi imechomoka. Chomoa soketi ya sensa ya maji: isome hasi 40. Unganisha pini zake mbili kwa kipande cha waya: isome joto la juu kabisa. Yote mawili yakitokea, waya na ECU ni vizima; kama usomaji wa awali ulikuwa wa uongo, sensa ndiyo mbovu. Sasa unaweza kwenda dukani. Sensa nzima hupima kama kiloohmu 2.5 kwa nyuzi 20 na 0.3 kwa nyuzi 80. Ujanja huo ni wa sensa za pini mbili za joto pekee; ukiufanya kwenye yenye waya tatu utaunguza volti 5 za ECU.

Cha tatu ni kusoma marekebisho ya petroli. ECU ikiongeza petroli injini ikiwa sailensa, kisha marekebisho yakapungua ukipandisha mizunguko, hewa inaingia bila kupimwa baada ya MAF. Ikiongeza zaidi kadiri mzigo unavyokua, angalia pampu, filta, au MAF iliyopakwa mafuta na filta ya hewa ya kulowekwa mafuta.

Kama gari limewekwa Link au Haltech badala ya ECU ya kiwandani, ruka sehemu hii yote. Programu zake, PCLink na NSP, ni za bure, na kebo ya USB ndiyo skana yako.

3. Kipimo cha waidibendi (sensa ya egzosti inayosoma uwiano wa hewa na petroli)

AEM X-Series 30-0300, karibu dola 200, inaongoza kwa sababu haihitaji kurekebishwa hewani. Innovate LC-2 inapima vizuri vilevile lakini inabidi sensa itolewe na kurekebishwa hewani mara kwa mara, jambo ambalo halifanywi na wengi. Zote hutumia Bosch LSU 4.9, namba 0 258 017 025. Ukinunua ya akiba, linganisha maandishi yaliyochongwa kwenye mwili wake, maana feki ni nyingi.

Ifungwe baada ya turbo, kama sentimita 90 chini yake, ncha ikiinamia chini ili maji yasituame. Mvujo wowote wa egzosti kabla yake utaleta usomaji wa uongo wa petroli kidogo. Ukiipeleka kwenye ECU, tumia ethi ileile ya sensa: AEM hutoa volti ambapo kila volti 1 ni 2.375 za uwiano wa hewa na petroli, hivyo milivolti 100 za ethi mbovu zinahamisha usomaji kwa karibu 0.24. Mtu ametuni injini nzima juu ya kosa hilo.

4. Kifaa cha kupima mivujo ya hewa

Usinunue, tengeneza. Kifuniko cha bomba la PVC kinachoingia kwenye hosi ya mdomo wa turbo, valvu ya tairi, vibano viwili na kompresa yenye rekebisho. Anza na psi 5, usipite 15 hadi 20, kwa sababu hewa huingia pia ndani ya injini, kwenye nafasi ya shafti ya kreki, na kusukuma sili za mafuta. Usisimame mbele ya kifuniko. Kikichomoka kinaruka kama risasi. Maji ya sabuni yatakuonyesha povu kwenye viungo vya interkula (kipoza hewa ya turbo) na chini ya manifoldi.

Kwenye gari la MAF tundu moja hutoa dalili mbili zinazopingana: petroli kidogo injini ikiwa sailensa, kwa kuwa hewa inanyonywa ndani, na petroli nyingi chini ya busti, kwa kuwa hewa iliyokwisha kupimwa inatoka nje. Ukiona rekodi za aina hiyo, kifaa hiki kiwekwe juu ya namba 3. Valvu ya blow-off inayotoa hewa ya turbo nje huleta kitu kama hicho kila unapoachia mafuta, moshi mweusi kidogo na injini kutaka kuzima.

5. Osiloskopu

Hantek 2D42 au PicoScope 2204A, karibu dola 150. Inunuliwe na mwenye hitilafu isiyoacha msimbo: injini inakatika mizunguko 5,500, au inakataa kuwaka ikipata moto. Utaona ishara ya sensa ya kreki ikikosa jino, au kimo chake kikidondoka sensa ikichemka. Kwa diodi za alternata huhitaji skopu: weka multimita kwenye AC juu ya betri injini ikiwa imewaka, ikipita volti 0.5 alternata imeanza kuharibika, na kelele hiyo huingia kwenye sensa zote.

6. Tableti kubwa ya gereji

Launch na Autel ni mashine nzuri kwa gereji inayopokea kila aina ya gari, na zinataka kulipiwa masasisho. Kwa mwenye Subaru moja, bei yake inanunua namba 1 hadi 4 na chenji inabaki. Inapokuzidi ni kwenye ABS na mkoba wa hewa, maana FreeSSM hujikita zaidi kwenye injini na gia. Siku hiyo mlipe jirani mwenye nayo akusomee misimbo, piga picha skrini kabla hajaifuta, kisha urudi nyumbani kwenye mita yako.